Jioni Niliyoomba Mama Achelewe

Mlango wetu ni wa mabati, na kuta zetu ni za mabati. Ploti nzima iko hivyo, vyumba vimeshikana bega kwa bega. Tuko Sarang'ombe, ndani ya Kibera, upande wa chini, mahali maji ya mvua hupita yakitafuta mto. Stima tunayo, lakini haina mita wala swichi kubwa ya kuzimia. Inatoka kwenye mlingoti wa barabarani, waya juu ya waya, na kuna kijana mmoja tu anayejua upi unaenda wapi.

Zamani tulikaa Kawangware. Baba alitoka asubuhi moja kwenda kibarua cha mjengo, na jioni wakaja watu wawili badala yake. Baada ya mazishi tulihamia Kibera tupate chumba cha bei nafuu, lakini mama akabaki na wateja wake wa kufua nguo kule Kawangware. Huenda kwa miguu, hurudi kwa miguu. Mimi niliishia darasa la nane. Siku ambazo sina kibarua nabaki nyumbani, napika, nangoja.

Kungoja ndiko kulikoniharibu. Jua likishaanza kuelekea vilima vya Ngong, akili yangu ilianza kuchora picha. Nilimwona mama amegongwa na pikipiki. Nilimwona ameanguka kwenye mtaro. Nikisikia viatu vya wanaume wawili njiani, niliacha kukoroga sufuria mpaka wapite. Kila jioni niliomba ombi moja: Bwana, mlete haraka. Niliomba kwa midomo tu, bila sauti. Hata kanisani, watu wote wakipaza sauti kwa pamoja, mimi hutikisa midomo, na kiongozi wetu wa vijana aliwahi kuniuliza, "Wewe unamnong'oneza Mungu siri za nani?" Wenzangu wakacheka, nami nikaangalia viatu vyangu.

Mama aliijua hofu yangu. Siku moja tulikuwa tunakamua shuka, yeye ameshika upande mmoja na mimi mwingine. Akaniambia, "Shida yako ni hii. Unampa Mungu kitu, halafu unabaki umeshika pembe moja. Mwachie." Nilitaka kumwuliza mtu anaachiaje. Nilianika shuka.

Siku ninayoikumbuka mvua ilianza mchana na haikuonyesha dalili ya kuchoka. Nilifunga mlango kwa sababu maji yalikuwa yanarushwa ndani. Baadaye nikataka kutoa beseni nje likinge maji. Nilishika komeo, na mkono ukaruka wenyewe. Nilijikuta nimekaa sakafuni, meno yanauma, kidole kimekufa ganzi. Kwanza nilidhani nimepigwa na radi. Halafu nikasikia ukuta. Ulikuwa unavuma, sauti ndogo kama nyuki mmoja ndani ya kopo.

Kila mtu wa mtaa wetu anajua maana yake. Waya umechubuka mahali fulani na stima imeshika mabati. Na maji yalikuwa yameanza kupita chini ya ukuta, yanakuja polepole kwenye sakafu.

Nilipanda kitandani. Kitanda chetu ni cha mbao na tumekiinua kwa mawe kwa sababu ya maji hayohayo. Nikakunja miguu. Chumba chenyewe ni kidogo, ukinyoosha mikono ukiwa katikati ya kitanda unakaribia kugusa kuta mbili. Sikuwahi kukiona kidogo hivyo. Niliwaza kuchukua mwiko nisukume komeo, lakini lile komeo lina kutu, hata siku ya kawaida hulivuta kwa mikono miwili, na mwiko ulikuwa ndani ya sufuria ya kunde, umelowa.

Ndipo nikamkumbuka mama. Mama akifika hupiga mlango kwa kiganja, mara mbili, kisha huusukuma. Angekuja amelowa, miguu ndani ya maji. Angepiga kwa kiganja.

Nilipaswa kupiga kelele, ingawa majirani wa karibu walikuwa bado vibaruani. Nasema kweli, hata wakati huo niliona haya. Sikujua mtu huita vipi. Nilifungua mdomo na kilichotoka ni neno ambalo watu hulisema wakiwa mlangoni mwa wengine.

"Hodi," nilisema, mimi niliye ndani.

Mvua ililimeza. Nikarudia. Nikarudia tena kwa nguvu zaidi, mpaka koo likakwaruza, na mvua ilipopungua kidogo nikasikia jibu kutoka ng'ambo ya ua. Lilikuwa la nyanya mwenye ploti, Mnubi mzee ambaye hukaa kwenye baraza lake la saruji na kuona kila kitu.

"Nani huyo anabisha hodi kutoka ndani?"

"Ni mimi, nyanya."

"Mimi nani? Kumbe wewe mtoto wa mama wa kufua? Mwaka mzima nimedhani wewe ni bubu."

"Nyanya, stima imeshika mabati. Imenirusha."

Kisha sauti yake ikabadilika. "Uko juu ya nini?"

"Kitanda."

"Kaa hapo hapo. Usishuke hata nikikuita mimi mwenyewe. Ua umejaa maji, hakuna mtu atakanyaga."

Nilimsikia akipiga simu, akimgombeza yule kijana wa waya. Alikuwa Silanga, upande mwingine wa Kibera, na alisema yuko hapo karibu, anakuja. Nyanya akaniambia, "Amesema yuko hapo karibu. Maana yake hajavaa viatu." Akampigia mama. Simu ilikuwa imezimwa. Mama huizima mvua ikianza, anaogopa isiingie maji.

"Anapita huku kwangu?" nyanya akauliza.

"Hapana. Anapita njia ya nyuma."

Njia ya nyuma nyanya haioni. Inatoka kichochoroni moja kwa moja hadi mlangoni petu.

"Basi wewe ndiye sikio," nyanya akasema. "Mimi magharibi inaingia, naenda kuswali. Nitakutaja. Na wewe mwombe Mungu, lakini masikio yawe nje."

Mvua ikarudi kwa nguvu. Juu ya mabati mvua si sauti, ni ukuta mwingine. Sikusikia nyuki tena, sikusikia nyanya, sikusikia hata pumzi yangu. Ningemsikiaje mama? Nilianza kuomba, na midomo ikaanza yenyewe ombi la kila siku: Bwana, mlete haraka. Nilifika katikati nikajishika mdomo.

Kwa mara ya kwanza tangu kifo cha baba, sikutaka mama aje. Nikaomba achelewe. Niliomba kwa sauti, kwa sababu bila sauti sikujisikia mwenyewe. Nilisema, Bwana, mcheleweshe. Mzuie kokote aliko. Kisha nikagundua siwezi kusema azuiwe na nini. Nikisema gari, nimemwombea ajali. Nikisema mafuriko, nimemwombea mto. Kila nilichokijua cha kumchelewesha mtu kilikuwa kitu ambacho jioni zote nilikuwa nakiogopa. Sikuwa na pa kushika. Nikasema, wewe unajua namna, mimi sijui. Nikaishia hapo kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kusema.

Hofu haikuondoka. Maji yaliendelea kuja, yakafika kwenye mawe ya kitanda. Lakini zile picha zilikatika. Sikumwona mama ameanguka, sikumwona amegongwa. Nilikuwa mtu aliyekaa kitandani akisikiliza, basi. Giza likaingia nje, na kwa mwanga wa balbu niliona tone moja moja likipenya tundu la msumari na kushuka ukutani. Nililiangalia kwa muda mrefu.

Mvua ilipoisha iliisha ghafla. Nikasikia maji ya kichochoroni, kuku wa mtu, redio ya mbali. Halafu nikasikia kikohozi cha mama.

"Mama, simama!"

Viatu vikasimama.

"Usiguse mlango. Stima imeshika mabati."

Kisha, karibu sana, "Imekugusa?"

"Kidogo. Niko kitandani."

"Kidogo ni kidogo gani?"

"Kidole tu."

Nilimsikia akirudi nyuma, akapanda juu ya kizingiti cha mawe cha jirani. Hatukuonana. Kati yetu kulikuwa na bati moja tu, na lile bati lilikuwa linavuma. Aliposema tena alianza kulalamika, kama afanyavyo akitaka nisijue kwamba analia.

"Yule mama wa leo amenichosha. Nguo na blanketi zilikuwa kwenye kamba, karibu zikauke, mvua ikazipiga na tope. Akasema nisuuze zote upya. Zote! Nimesuuza huku nimenuna. Njia nzima nimekuja namlaumu Mungu, nikisema hata leo, Bwana, hata leo?"

Nilikuwa bado nazifikiria zile nguo.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

Yule kijana alifika baadaye, amebeba koleo na ngazi, akatuita wote mabosi wake. Nyuki akanyamaza, nasi tukabaki gizani. Mama alipiga mlango kwa fimbo ya nyanya kwanza. Nikalivuta komeo kwa mikono miwili, naye akausukuma kwa bega. Aliponishika mikono alikuwa ananuka sabuni, na alivipapasa vidole vyangu kimoja kimoja mpaka akakipata kile chenye ganzi.

Kesho yake waya ulirudishwa palepale, umefungwa na utepe mweusi. Bado tunakaa hapo, hatuna pengine. Mvua ikianza napanda kitandani kabla ya kuusikia ukuta.

Ilinichukua wiki kadhaa kumwambia mama nilichokiomba jioni ile. Tulikuwa tunachambua mboga. Aliacha kisu, akaniangalia.

"Kwa hiyo ni wewe uliyenisuuzisha zile nguo zote?"

"Ni mimi."

Alirudi kwenye mboga. Akasema, bila kuinua kichwa, "Zile blanketi pia?"

"Sikutaja blanketi, mama. Nilimwachia."