Karasha la Mezani

Mimi niliolewa na Mhina, sikuolewa na reli, lakini ukiingia nyumbani kwetu Masuguru utadhani ni kinyume chake. Chumba alichokuwa akilala binti yetu Mwanaisha, kabla hajaenda kujitafutia, sasa kina meza ya mbao kutoka ukuta hadi ukuta, na juu ya meza kuna reli. Reli kweli, jamani! Nyaya amezinyoosha kwa nyundo, mataruma ya kulalia reli amechonga ya mwanzi, kokoto amezichekecha kwa chekecheo langu la unga, Mungu amsamehe. Mabehewa ni makopo ya maziwa, na kichwa cha treni kinakwenda kwa mota ya redio ya kaseti.

Mume wangu alikuwa mtu wa gengi la kutunza njia ya reli kule Mnyuzi. Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya njia na kutazama wapi udongo umetitia, wapi taruma limelegea. Miaka thelathini macho chini! Alipostaafu, macho yake hayakustaafu. Mpeleke harusini, badala ya kumtazama bibi harusi atakuambia nguzo ya turubai imekaa vibaya. Majirani walisema amerukwa na akili. Mimi niliwajibu kwamba akili anazo, ila anazitumia kwenye chumba kisicho chake.

Mwaka jana akaanza jipya. "Tatu," akaniambia, "treni yangu inazunguka tu, haina inakokwenda. Treni lazima iende kuchukua mzigo." Basi akaamua kuijengea karasha.

Mwanaisha wetu anapika chakula kwenye machimbo madogo ya dhahabu, porini huko Handeni, ukishaipita Kwedizinga. Karasha ni lile pipa kubwa la chuma linalozungushwa na injini ya dizeli, ndani yake mna vyuma vya kusaga mawe mpaka yawe unga. Mhina alitaka kulitengeneza lilivyo, si kwa kukisia. Sentimita mbili za mezani kwa kila mita moja ya kule. Akachukua futi kamba na daftari la shule, akafunga safari.

Siku ya kwanza wachimbaji walimdhania ni mtu wa serikali, wakakimbia. Aliyebaki ni msimamizi wa karasha, Shija, Msukuma mwenye kifua kipana na sauti ya kuita ng'ombe. Alipojua mgeni ni Mzigua, na tena ni baba yake Mwanaisha, alifurahi mno. Wasukuma na Wazigua ni watani tangu enzi za mababu. Wakikutana hawasalimiani, wanatukanana. Mtani hakasiriki, na mtani akichukua kitu chako huwezi kumshitaki, unakikomboa kwa atakachodai.

"Mzigua mzima unapima pipa?" Shija akamwambia. "Unataka jeneza lenye ukubwa huo?"

Mhina, ambaye nyumbani maneno yake ni ya kuhesabu, akanyooshea kidole tangi la maji lililoinuliwa juu ya nguzo kando ya karasha, akamjibu, "Napima la kwako. Siku mnara huu wa maji ukikuangukia, sisi Wazigua tutakuja kula ng'ombe wako."

Wachimbaji, ambao walikuwa wamesharudi, wakacheka mpaka wakakaa chini. Alirudi nyumbani akanisimulia, na mimi nikacheka. Laiti angejiuma ulimi siku ile.

Alikwenda mara tatu, miezi miwili kati ya safari na safari. Kila mara walitaniana, na kila mara alipima. Kisha akaanza kujenga. Pipa alilifanya kwa kopo la dawa ya mbu, akatia gololi za beringi ndani. Mabati ya banda aliyakata kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akayapiga mikunjo kwa kitana changu. Mnara wa tangi la maji aliujenga kwa vijiti vya mwanzi, miguu minne. Kule machimboni, mitatu imesimama kwenye mwamba. Mmoja umesimama kwenye marudio, yaani ule unga wa mawe uliokwisha kutolewa dhahabu. Kwa kuwa yeye hajui kudanganya hata mezani, alibeba marudio yenyewe kwenye mfuko kutoka machimboni, akaushindilia mguu ule humo.

Chini ya mnara ndipo lilipokuwa jiko la Mwanaisha, maana hapo kuna kivuli na bomba liko karibu. Mhina akatengeneza jiko pia, vijiwe vitatu na sufuria ya kizibo cha soda. Na akamtengeneza Mwanaisha kwa njiti ya kiberiti, akamvalisha kipande cha khanga yangu. Khanga mpya! Nilimsema wiki nzima.

Jumatano moja asubuhi nilikuwa nachambua mchele uani. Nasikia mota inanguruma, karasha la mezani linatetemeka, gololi zinagonga. Mara mota ikazimwa. Kimya. Nikaenda kumuuliza kama chai ataitaka au la, nikamkuta amekaa sakafuni.

Mnara umeanguka. Ile njiti yenye khanga yangu imelaliwa na kopo la tangi.

"Haya, fundi," nikamtania, "umemuua mtoto."

Hakucheka. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Tatu, hii ni mara ya nne," akasema. "Mara nne najenga, na mara nne mguu wa kwenye marudio unazama, unaangukia upande ule ule."

"Si mchezo tu huo, baba Mwanaisha? Maji ya kikopo ni sawa na maji ya tangi?"

"Si sawa. Najua si sawa." Akafungua daftari. Akaweka kidole kwenye mstari. "Lakini tazama. Safari ya kwanza, kutoka kwenye boriti hadi chini kwenye mguu huu nilipata urefu huu. Safari ya tatu umepungua vidole viwili. Miguu mingine haikubadilika. Nikajiambia nimepima vibaya. Mimi, Tatu! Miaka thelathini natazama udongo unavyokimbia chini ya kitu kinachotetemeka, halafu nikajiambia nimepima vibaya!"

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa mpaka mchele niliokuwa nao mkononi ukamwagika. Tulimpigia Mwanaisha atoke chini ya mnara.

"Baba nawe," akasema, na nyuma yake karasha linanguruma. "Shija alishaniambia utani wako wa mnara utaufikisha hadi kwenye simu. Nina sufuria motoni."

Tukampigia Shija. Mhina alimweleza neno kwa neno, akaapa kwa Mwenyezi Mungu. Shija alicheka hadi simu ikakwaruza. "Mtani, bado unawataka ng'ombe wangu? Mzigua akiapa hivyo ujue hajala tangu jana!"

Kesho yake alfajiri tuliondoka. Kutoka Handeni mjini tulichukua pikipiki mbili, na njia nzima nilimwomba Mungu kitu kimoja, nimkute mwanangu amesimama. Tulipokaribia nikasikia ule mngurumo.

Alikuwa amesimama, ameinama kidogo, anapuliza moto chini ya lile tangi. Niliutazama ule mguu. Sikuhitaji kuwa mtu wa gengi kuona. Ulikuwa umeingia kwenye marudio yaliyolowa maji ya bomba, na boriti ya juu imepinda.

Mhina alimwendea Shija moja kwa moja. Alisema yote, ameshika daftari kwa mikono miwili. Wakacheka. Akapandisha sauti, wakazidi kucheka. Akalia. Mume wangu alilia mbele ya watu, machozi kabisa, na wale wanaume wakampigia makofi kwamba Mzigua huyu anajua kuigiza. Shija akajilaza chini ya mnara, akakunja mikono kifuani, akafumba macho. "Nimekufa! Mtani, leta sanda!"

Mwanaisha naye anacheka. Ee Mola wangu! Pale nilielewa kwamba hakuna neno duniani ambalo mume wangu angeweza kulisema likaaminika. Yote alikwisha kuyasema kwa utani.

Wakati huo injini ilikuwa imezimwa ili wajaze mawe. Ile hendeli, chuma kilichopinda cha kuwashia injini, ilikuwa juu ya gogo. Sikufikiri. Nikaichukua, nikaiviringisha kwenye khanga, nikaikumbatia.

"Hoyaa!" mmoja akapiga kelele. "Mama wa Kizigua amechukua hendeli!"

Wakashangilia. Shija akainuka anajikung'uta vumbi, amefurahi kuliko wote. "Haya mama, umetupata. Unataka nini tukomboe? Jogoo?"

Sauti yangu nikaikaza iwe ya kejeli. "Jogoo kale mwenyewe. Nataka ninyi nyote, wanaume wa Kisukuma mnaojisifu kwa nguvu, mhamishe jiko la mwanangu mpaka kule kwenye mkwaju. Kila kitu. Sasa hivi. La sivyo karasha lenu litalala leo."

"Mama, wali wangu!" Mwanaisha akalalamika.

"Nyamaza, tembea!"

Nao, kwa kuwa ni utani, wakafanya. Jambo ambalo machozi ya Mhina hayakuliweza! Walibeba masufuria vichwani wanaimba, wakabeba mafiga yakiwa bado ya moto kwa majembe, wakabeba ndoo. Mwanaisha nilimshika mkono nikamburuta mwenyewe. Mkono wake ulikuwa na unga, na sikuuachia.

Likabaki benchi la jikoni. Shija akarudi kulichukua, anacheza.

Na kwa kuwa injini ilikuwa kimya, sote tulisikia. Siku zote mngurumo ulikuwa ukiifunika ile sauti. Ulikuwa mlio mdogo, kama kuni inavyolia ikipasuka motoni. Ukakoma. Ukaja tena, mrefu zaidi.

"Shija!" Mhina akaita. Hakuita Msukuma wala mtani. "Shija, toka!"

Shija aliangalia juu. Akaliacha benchi, akaruka.

Mguu ulizama upande ule ule. Mnara ukafuata, tangi likapasuka pale pale yalipokuwa mafiga, na maji yakatufikia magotini yamebeba matope na vipande vya benchi. Sijui nilipiga kelele gani. Najua tu kwamba mkono wa mwanangu ulikuwa mkononi mwangu.

Shija aliibuka kwenye matope akiwa mzima, amekwaruzika mgongo. Alitutazama.

"Shikamoo, mzee," akamwambia Mhina. "Shikamoo, mama."

Hendeli walinitolea mkononi kidole kimoja kimoja, nilikuwa nimeshindwa kuiachia.

Mwanaisha tulirudi naye nyumbani siku ile. Alilala kwenye kigodoro, chini ya meza ya reli, na usingizini akawa anashtuka. Mnara wa mezani Mhina hajaujenga tena. Ile njiti anatembea nayo mfukoni mwa shati, anadhani sijui.

Wiki iliyopita Shija alipiga simu. Wanataka kusimamisha mnara mpya, wanamwomba Mhina aende akapime kabla hata nguzo moja haijasimama. "Tafadhali, mzee," alisema. Mzee hivi, mzee vile, adabu tupu. Mhina akaitikia ndiyo, ndiyo, na mkono mmoja ukaenda kwenye mfuko wa shati. Kila "mzee" moja ilimrudisha chini ya mnara ule, na mimi pia.

"Mtukane," nikamnong'oneza.

"Nini?"

"Mtukane, baba Mwanaisha, mrudi kuwa watani. Nakuomba."

Akaisogeza simu karibu na mdomo. "Wewe Msukuma," akasema, na sauti ikamkatika katikati, "kumbe bado hujafa?"

Kule upande wa pili tukasikia mtu mzima analia.