Shikamoo ya Kifudifudi

Jamani, leo nimemwamkia mama mkwe nikiwa nimelala kifudifudi sebuleni!

Juzi nilimwaga ndoo nzima ya maji nikasugua, kama tunavyosugua sakafu ya saruji kwetu Nyambureti. Kumbe sakafu ya laminate, hizi mbao za kupachika, haitaki maji. Mbao zikavimba, na Chacha wangu ❤️ alizipachika mwenyewe kabla ya harusi.

Nikaapa mama yake hatazikuta hivyo. Leo nimezing'oa, nikapachika za akiba.

Ya mwisho ikagoma kuingia, nikalala chini kuisukuma.

Mlango ukafunguka.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Umepoteza nini huko chini?"

Nikamweleza ukweli wote. Akapiga magoti.

"Shikilia huku, mimi nagonga."

Ikaingia!

Chacha akatukuta wote wawili sakafuni tunacheka. "Mgeni nani hapa?"

"Wewe," mama akajibu. "Vua viatu."

Wenzangu mlioolewa, wakwe zenu wakoje?