Kuuza Shimo kwa Mtu wa Bahari

Mama wa kijana anayemchumbia binti yangu alinitembeza Mombasa siku mbili, na ilinichukua siku moja na nusu kung'amua kwamba ananiuzia.

Si kwamba biashara ni ngeni kwangu. Nauza viatu vya mitumba Free Area, Nakuru, na namjua mtu anayekipangusa kiatu kabla hujakiulizia. Yeye alipangusa mji mzima. Alinipeleka kwenye ngome, akanisimamisha juu ya ukuta pale hasa upepo unapopita. Akanipitisha vichochoro vya mji wa kale nikihesabu milango ya kuchongwa, nikapata kumi na tisa. Tukirudi nikahesabu upya, ikawa kumi na minane. Sikuuliza mmoja umeenda wapi. Mgeni hakagui stoki ya mwenyeji. Kisha akanivusha kwa feri na kunirudisha bila kulipa chochote, na hapo ndipo aliponitia wasiwasi. Kitu chenye bei unaweza kukikosoa. Cha bure utakishikia wapi?

"Mjukuu ataipenda hii feri," akasema.

Mjukuu hakuwapo. Kulikuwa na binti yangu, mtoto wangu wa pekee, kulikuwa na mwanawe yeye, na kulikuwa na harusi iliyopangwa baada ya Pasaka. Walikutana chuoni huku Nakuru. Kijana ni fundi wa friji, na friji huharibika popote. Binti ni mwalimu, na watoto wakorofi hawakosekani mahali. Tulipowauliza watakaa wapi, wakajibu kwa ile adabu ya kumsumbua mtu kichwa: "Mtakavyoona nyinyi wazazi." Yaani mnada wakatuachia sisi akina mama wawili. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki. Binti akienda Mombasa, nyumbani ni mimi na viatu.

Kwa hiyo mama wa kijana alipokuja kunirudishia ziara, nilikuwa nimejipanga. Nilikodi Probox ya jirani, mzee mmoja anayeyatumia maneno kama mtu anayekopeshwa, nikamwambia aanze na Menengai, shimo la volkeno. Ukipanga meza, kitu kikubwa kinakaa mbele.

Kule juu baridi ilikuwa inauma masikio. Mgeni wangu alikuwa amevaa sweta yake, juu yake leso, na juu ya leso sweta yangu.

"Karibu uone shimo letu," nikasema.

Akasogea ukingoni. Menengai haina mahali pa kuanzia kuitazama. Chini kabisa kuna vichaka na mawe meusi ya moto wa zamani, na mvuke unapanda hapa na pale kama majiko ya watu usiowaona. Mimi nimezaliwa hapa, lakini kila nikifika ukingoni hushika mkoba kwa mikono miwili.

"Mmh," akasema. "Kubwa."

"Kubwa sana. Hata ng'ambo huoni vizuri."

"Na ndani mna nini?"

"Joto. Huko chini ni joto tupu, wanalichimba wapate stima ya taa."

"Joto liko ndani," akasema akivuta sweta shingoni, "na nyinyi mwakaa nje."

Mzee wa Probox akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka, na nilikuwa nimemlipa mimi.

Tukashuka kwa barabara ya Nairobi hadi panapoonekana ziwa Elmenteita. Flamingo walikuwa wengi pembeni mwa maji. Nilijaribu kuwahesabu, wakaruka, wakatua, nikaanza upya. Nikamwambia kwamba watu hupanda ndege kutoka ng'ambo kuja kuona hii mahali.

"Nao wakaa papa hapa siku zote?" akauliza.

"Hapana, wanahama. Wanafuata chakula."

"Basi wana akili," akasema kwa upole. Nikajua nashindana na mchuuzi mwenzangu.

Kituo cha mwisho kilikuwa Kariandusi, karibu na hapo. Kuna mashoka ya mawe ya watu wa kale, yamelala chini pale yalipopatikana, yamezungushiwa ua. Nilipoletwa na shule, mwalimu alisema tustaajabu, nikastaajabu. Siku hizi nikiyaona naona mzigo uliokosa mnunuzi. Mtu aliketi akachonga yote hayo, na bado yako kibandani.

Upande wa pili ni machimbo, ukuta wa udongo mweupe mpaka unaumiza macho. Mama wa kijana alichukua kibonge, kikawa chepesi kama mkate mkavu. Akakisugua kati ya vidole.

"Chokaa?"

"Si chokaa. Hapa palikuwa chini ya ziwa. Hivi ni vidudu vya majini, vilikufa vikalaliana hadi vikawa udongo."

Aliutazama ule ukuta, kisha akanitazama mimi. "Kumbe nanyi mlikuwa na bahari!"

"Tulikuwa nayo," nikasema. "Tuliimaliza."

Alicheka hadi akashika kiuno, nami nikacheka, na nikaona huo ndio wakati. Mteja akicheka, usimpe nafasi ya kufikiria.

"Mama," nikamwambia, "nisaidie na hawa watoto."

Sasa, kwetu bara neno hilo ni la dukani. Unaingia kwa kibanda: nisaidie na kilo mbili za waru, yaani viazi. Unaketi mezani: nisaidie na chumvi. Hakuna aliyeumia wala aliyeanguka. Ni kusema "nipe" bila kuonekana huna adabu. Nilichomwomba ni aniachie watoto wakae Nakuru, basi.

Yeye aliweka mkoba chini, kwenye ule weupe wote, akanishika mkono.

"Una nini, mwenzangu?"

"Sina kitu."

"Wasema nikusaidie."

"Ndiyo. Nisaidie nao. Wakae huku."

"Huko ni kusaidiwa ama ni kupewa?"

Nilifungua kinywa nimweleze Kiswahili cha Nakuru. Yaliyotoka yalikuwa mengine. Nilimweleza habari ya jioni binti asipokuwapo. Kwamba nafunga mlango, nalala, naamka tena kuhakikisha nimefunga, kwa sababu hakuna wa kumuuliza kama nimefunga. Kwamba watu wa soko hunitania kuwa nahesabu kila kitu mara mbili, nami huwaacha wafikiri ni ujanja wa biashara. Kwamba binti akiwa nyumbani nahesabu mara moja tu.

 Mgeni wangu alikuwa bado amekishika kile kibonge kwa mkono wa pili, kinamwagika.

"Kukusaidia naweza," akasema mwishowe. "Kukupa siwezi. Mwanangu si leso." "Kwangu mume yupo, lakini yupo na redio yake. Huyo kijana ndiye anayeongea nami."

Kumbe meza zetu zote mbili zilikuwa na bidhaa moja.

"Sikiza," akaendelea. "Kwetu mwanamke akizaa mimba ya kwanza huenda kwa mamake, alelewe arobaini nzima. Wakija Mombasa, huyo wa kwanza ni wako. Sitatia mkono."

"Ongeza kidogo. Siku sitini."

"Arobaini ni arobaini, dadangu. Si nyanya."

"Na mtoto wa pili?"

"Huyo tutamzungumza."

Tukashikana mikono. Nikampigia binti, nikaweka sauti kubwa tusikie wote. Ilikuwa saa ya mapumziko, watoto wa shule wanapiga kelele nyuma yake.

"Mama, mmegombana?"

"Tumeelewana. Mtakaa Mombasa, na mtoto wa kwanza utakuja kumlelea hapa kwangu."

"Mtoto gani?"

Tulitazamana kama madalali wawili waliokwisha kugawana mbuzi wa mtu.

"Na si Mombasa," akasema binti. "Tulikuwa tunangoja mmalize ziara. Mchumba wangu amepata kazi Naivasha, vile vyumba vya baridi vya maua. Anaanza mwezi ujao."

"Naivasha ni wapi?" mama wa kijana akaniuliza polepole.

Nikaonyesha barabara inakoelekea. "Hapo mbele tu," nikasema, na nikatamani iwe mbali kidogo. Nilikuwa nimeshinda, lakini yeye alikuwa anajipangusa mikono na ule weupe haukutoka. Ulizidi kuenea kwenye leso.

"Arobaini nitahitaji msaidizi," nikamwambia. "Mimi mtoto mchanga nimeshasahau anashikwaje. Uje ukae kwangu zote."

"Na hii baridi?"

"Sweta nimeshakupa. Hiyo usirudishe."

Akafikiri. "Nitakuja na nazi zangu," akasema. "Huko kwenu mwapika kama mwaadhibiwa."

"Lakini mtoto gani?" binti yangu akauliza tena, simu ikiwa bado wazi mkononi mwangu.