Mbuzi Wangu Aliyepewa Mtu wa Amerika

Wadau, mimi ndiye yule jamaa wa Lodwar ambaye mbuzi wake alipewa mtu anayeishi Amerika. Cheka kwanza, ukimaliza nikueleze.

Naitwa Ekidor. Nilikuwa na mbuzi mmoja, jike mweusi mwenye sikio jeupe, anakaa kwa mama yangu Kakuma. Pia nilikuwa na ndoto moja: pikipiki.

Pikipiki nilijua itatoka wapi. Kwa Abdiqani.

Abdiqani ni mtoto wa Mama Aisho, Msomali mwenye kiduka cha chai ndani ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Maziwa ya hiyo chai alikuwa analeta mama yangu, Nakeno. Tumekua pamoja, tumechapwa pamoja. Miaka mitatu iliyopita akapata safari ya wakimbizi, akapelekwa Minnesota, Amerika.

Tangu hapo kila picha anayotuma amesimama mbele ya jumba. Leo jumba hili, kesho lile. Nikasema jamaa ameomoka, ana majumba mpaka anayachanganya.

Basi Jumamosi moja nikatoka Lodwar kwenda Kakuma, nimenyoa, nimevaa shati la Pasaka. Huwezi kuomba pikipiki na nywele ovyo.

Nikamkuta mama hapo hapo dukani kwa Mama Aisho, akanisalimu Kiturkana.

"Ejoka?"

"Ejok."

Tukapiga simu ya video. Kwetu jioni, kwake asubuhi. Abdiqani akatokea, koti mpaka masikioni. Nikaanzia mbali.

"Buda, siku hizi kazi ya boda kule Lodwar inalipa kweli kweli..."

Mama Aisho akaninyang'anya simu, akaisogeza mpaka puani.

"Waryaa, Abdiqani! Hiyo shuka yangu ya maua inafanya nini kwa dirisha ya gari?"

Abdiqani akageuka kuitazama.

"Ni pazia, hooyo." Hooyo ni mama kwa Kisomali.

"Gari inawekwa pazia ya nini?"

"Mtu akilala asionekane."

"Nani analala?"

Hapo kijana akachoka kudanganya mama yake. Akatema yote. Anafanya kazi kwenye ghala la chakula, ghala ambalo ukisimama huku huoni mwisho wake. Anapakia nyama na maziwa mpaka mgongo unalia. Kodi ya nyumba ilipanda ikamshinda, sasa analala garini. Akitoka kazini anaenda kanisani kupanga foleni ya chakula cha msaada. Na yale majumba? Anaegesha tu hapo mbele mpaka wenyewe wamfukuze.

Mama yangu akainama kwenye simu. "Amerika iko foleni ya chakula?"

"Ndefu, mama. Na wazungu wako. Wazee kabisa."

"Chakula imeisha huko?"

"Hapana, iko mingi. Ingine inatupwa."

"Sasa foleni ni ya nini?"

Mimi nilitamani kulivua lile shati la Pasaka. Roho iliniuma, wallahi, na mimi ni Mkatoliki.

Nilidhani Mama Aisho atalia. Wapi! Mwanamke amekaa kambini miaka ishirini, foleni ndiyo chuo kikuu chake.

"Kwa foleni unasimama mwenyewe?"

"Eeh. Na theluji."

"Mjinga! Weka jiwe!"

Kwa asiyejua: Kakuma foleni haipangwi kwa miguu. Unaweka jiwe lako mahali pako, unaenda kukaa kivulini. Atakayelisogeza ametangaza vita.

"Hooyo, wazungu watanishangaa."

"Wacha washangae. Jiwe haisikii baridi."

Nikiwa bado nacheka, mama akauliza swali lililonimaliza.

"Na huyu mtoto iko na mnyama?"

"Hata kuku hana," Mama Aisho akasema.

Sisi Waturkana mtu akiishiwa, marafiki wanamchangia mifugo aanze upya. Hakuna mkutano wala fomu.

"Basi tunampatia ile nyeusi ya Ekidor."

"Mama! Hiyo ndiyo ya kuongezea pikipiki!"

"Wewe unalala kwa gari?"

"Hapana."

"Basi nyamaza."

Abdiqani akafunika uso na kona ya lile pazia, mabega yanatikisika. Mimi niliyekwenda kuomba, nikarudi Lodwar nimetoa.

Baada ya wiki mbili akatuma picha. Theluji tupu, mlango wa kanisa, na mstari wa mawe. La kwanza limeandikwa ABDI. Nyuma yake mawe zaidi ya thelathini, yote majina ya kizungu! Wenyewe wako ndani ya magari yao, wamewasha hita, wanampungia mkono.

Wiki hiyo hiyo mbuzi akazaa mapacha. Abdiqani akapeleka picha zao kwenye foleni. Anasema pale yeye ndiye tajiri, ana mifugo. Sasa kuna mzee mmoja, jiwe lake liko nyuma ya la Abdiqani, ameuliza kama na yeye anaweza kupata mmoja.

Nikampigia mama nikijua atacheka. Hakucheka.

"Huyo mzee alipoteza mifugo yake namna gani? Ni ukame ama ni wezi?"

Funzo, ndugu zangu: kabla hujamwomba mtu wa ng'ambo pikipiki, muulize kwanza jana alilala wapi.

Na mwenye jibu la swali la mama aliandike hapo chini. Ameshamtengea yule mzee pacha mmoja, na kila siku ananipigia kuuliza nchi yenye chakula chote hicho iliibiwa na nani.