Nilivyokwenda Puta Kumnyang'anya Papa Ilunga Namba Moja

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuhesabu albamu moja mara mbili. Nalisema hapa mwanzoni kwa sababu najijua: nikiliweka katikati nitalipamba, na nikiliweka mwisho mtakuwa mmeshanisamehe kwa mambo mengine.

Mnaosikiliza redio yetu ndogo ya Nchelenge mnaijua nusu saa yangu ya Jumanne, ile ya Kiswahili kwa wafanyabiashara wa ziwani. Nilipewa msimu huu wa kufungwa uvuvi, kwa kuwa watu walikuwa wamekaa bila kazi na mtangazaji wa kwanza alikuwa amekwenda kuoa. Ningeweza kuzungumzia bei ya chumvi. Nikachagua mauzo ya albamu za bendi za roki za Uingereza katika soko la Amerika. Hakuna aliyenifundisha mambo haya. Kiingereza changu nilikitoa kwenye karatasi za ndani ya kaseti ambazo baba alivuka nazo kutoka Pweto, ng'ambo ya ziwa, zikiwa ndani ya sufuria, na mengine kwenye simu. Nina madaftari manne yaliyopigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Neno moja likiharibika, ukurasa wote nauandika upya.

Niliamini wasikilizaji wataelewa. Waingereza wale walivuka maji kwenda kuuza kwa watu wa lugha kama yao lakini wenye desturi nyingine, nasi tunafanya hivyo hivyo kila wiki. Tatizo lilikuwa majina, ambayo hayakumkaa mtu kichwani. Basi nikazipa bendi majina ya samaki wetu. Moja nikaiita Pale, nyingine Makobo, na ile iliyovunjika mapema nikaiita Mpumbu, maana sote tunajua samaki huyo alivyotoweka. Baada ya wiki tatu kila mtu alikuwa na upande wake, kama mpira.

Mwezi wa kwanza nikatangaza kwamba Pale ndiyo namba moja Amerika, na Makobo wanafuata nyuma kidogo. Mwezi wa pili nikasoma maandishi madogo chini ya jedwali, yale ambayo nilikuwa nikiyaruka. Yalisema kwamba chama kinachogawa bamba za dhahabu na platinamu huko Amerika, kikipata albamu ndefu yenye santuri mbili, huhesabu kila santuri peke yake. Mtu mmoja ananunua albamu moja, wao wanaandika mbili. Na Pale walipenda mno albamu za santuri mbili. Nilihesabu upya mara tano. Mara zote tano Makobo wakawa juu.

Hakuna mtu kando ya ziwa lote ambaye angegundua. Nilikuwa nimekaribia kunyamaza, nakiri. Lakini wiki ile ile Papa Ilunga, mwenye boti ya kuvusha mizigo kule Puta na shabiki wa Pale, alipiga simu kituoni kunishukuru hewani. Boti yake ilikuwa imevutwa juu kutengenezwa, naye ameiandika ubavuni kwa rangi nyekundu: NAMBA MOJA AMERIKA. Jumamosi ziwa linafunguliwa, akasema, na mchungaji atakuja kubariki. Kule Puta mchungaji husoma jina la kila boti kwa sauti, watu wote wakisikia, ndipo aiombee. Na Papa Ilunga ni shemasi. Uongo wangu ungesomwa ndani ya sala, na mtu mwema angeuitikia amina.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda mbele kwenye lori la saruji pale Kashikishi. Dereva alikuwa ba Chanda, "ba" ya heshima, Mbemba ambaye Kiswahili chake ni cha kununulia samaki tu, ila kipindi changu hakimpiti. Nilimwambia ninakokwenda na sababu yake. Alicheka, kisha akanihurumia, kisha akacheka tena. Nilikuwa na hotuba ya kuungama niliyoiandika kwa namna tatu. Nikamsomea zote. Akachagua ya tatu kwa kuwa ni fupi, halafu akasema bado ni ndefu.

Njiani nilijituliza kwa kumweleza mambo mengine ya soko lile. Kwa mfano, miaka ya mwanzo Wamarekani walikuwa wakipokea albamu ya Waingereza, wanachomoa nyimbo mbili tatu, halafu zile zilizobaki wanazikusanya na kutoa albamu nyingine kabisa. Ba Chanda hakushangaa hata kidogo. Alisema ana binamu Kashikishi anayefanya vivyo hivyo na mifuko ya sukari.

Kwenye daraja la Kalungwishi tulisimama kununua mihogo ya kuchoma. Yangu nikampa dereva. Ba Chanda alikwenda kando kupiga simu, na niliporudi garini nikamsikia akimaliza kumwambia mtu kwa Kibemba kwamba yule wa redio yuko njiani kwa ajili ya ile Namba Moja. Nilimuuliza amemwambia nini hasa. Akajibu kwamba amesema hivyo tu, si uongo.

Saa sita kasoro nilishuka Puta, na nikaelewa alichokifanya. Habari ilikuwa imenitangulia, imekua njiani, na imefika ikiwa nzima: mtu wa redio anakuja kumpa Papa Ilunga zawadi. Kiti kilikuwa kimewekwa kivulini mwa boti. Papa Ilunga, mtu mwembamba wa miaka sitini hivi, alikuwa amevaa shati lake la kanisani siku ya Alhamisi. Kuku alikuwa ameshachinjwa.

Nilifungua mdomo, nikafungua na daftari. Hakunipa nafasi.

"Kula kwanza, mutoto," alisema. "Prix tutaipokea na tumbo yenye kushiba."

"Prix ya nini, shemeki?" akauliza mwanamke aliyekuwa ameketi juu ya mifuko ya chisense, akishona. "Ya rangi? Juu boti yenyewe inakunywaka maji kuliko ng'ombe."

Huyo alikuwa Mama Béa, mke wa kaka yake Papa Ilunga, mfanyabiashara wa chisense, dagaa wetu hawa wadogo wakavu, na shabiki mkubwa wa Makobo. Shemeji na shemeji kwa watu wetu wana ruhusa ya kutaniana, na hawa wawili waliitumia ruhusa hiyo yote. Tangu nitangaze, nilisimuliwa, Papa Ilunga alikuwa akimwita Mama Namba Mbili hata mbele ya wateja. Tena wateja wenyewe walikuwa wameanza kuweka nafasi za mizigo kwenye boti iliyoandikwa, kana kwamba Amerika imeipima injini.

Sasa naungama lililo baya kuliko hesabu. Nilikula. Nilikula bukari, ugali wa kule, na mapaja yote mawili ya kuku, nikijua kuku yule amekufa kwa ajili ya kosa langu, na nikasema ni mtamu. Ndipo nikanawa mikono na kusoma hotuba ya tatu.

Nilipofika mwisho, Papa Ilunga alikuwa anaitazama boti, si mimi.

"Albamu moja, santuri mbili," alisema polepole. "Mutu analipa mara ngapi?"

"Mara moja, papa."

"Na banahesabu mbili?"

"Mbili."

Nilingoja anifukuze. Badala yake Mama Béa akaanza kucheka, akacheka mpaka sindano ikamponyoka. Akanionyesha kazi aliyokuwa anashona. Kule wafanyabiashara huchukua mfuko uliojaa, wakaushonea nusu ya mfuko mwingine mdomoni ili ubebe zaidi. Wanauita mfuko wa kofia. Mnunuzi wa Pweto anauhesabu mmoja. Lakini Papa Ilunga, kwa miaka yote, anapovusha mfuko wa kofia hutoza nauli ya mifuko miwili, na shemeji yake amegombana naye juu ya kofia hizo tangu alipoolewa.

"Shemeki," alisema akijifuta macho, "kumbe Amerika ni weye."

Papa Ilunga akaona mlango. Akanyoosha kidole: basi iko sawa! Wamarekani wana akili, wanahesabu kama yeye, Pale wabaki namba moja na rangi ibaki. Nami, aibu iliyoje, nilifurahi. Nilikuwa tayari kukubali, nirudi nyumbani bila kumvunja mtu moyo.

"Bon," akasema Mama Béa. "Lakini Jumamosi pastere akisoma ile jina, mi nitasimama niulize mbele ya batu bote: kofia ni mufuko? Useme ndiyo na mukono juu, weye shemasi."

Papa Ilunga akashusha kidole. Akikubali kwamba mbili ni moja, anapoteza Namba Moja. Akishikilia kwamba moja ni mbili, itabidi aiapie kofia mbele ya kanisa lote, jambo ambalo kwa miaka yote alikuwa amelisema pembeni tu, wakati wa kupakia. Nilimwona akipima. Nilijua sasa kwamba safari yangu haikumgusa kwenye rangi peke yake, bali na kwenye nauli.

Nikafikiri yangu yamekwisha. Mama Béa akanigeukia.

"Na weye, ile bamba ya dhahabu, banahesabu yenye imeuzwa, ao yenye imetumwa?"

Nilijibu haraka, kama mwanafunzi: zilizotumwa madukani. Zinazorudishwa hutolewa kwenye hesabu.

"Na yenye hairudi, hainunuliwe, inakaa tu mu depo na vumbi? Mi niko na mifuko kule Pweto tangu Noeli. Nimeituma. Hairudie. Unaiandika wapi?"

Nilipekua daftari. Nilipekua kweli, kurasa zote. Nilikuwa na safu ya mwaka, safu ya jina, safu ya idadi. Sikuwa na safu ya vumbi. Maandishi kuhusu kutumwa nilikuwa nimeyasoma zamani, nikayanakili kwa mwandiko mzuri, wala sikuwahi kuyafikiria. Basi hata Makobo nisingeweza kuwaapia. Nikasema neno ambalo sikuwahi kulisema hewani.

"Sijui, mama."

"Eh," akasema, akaokota sindano yake. "Sasa umesema."

Ijumaa nilishinda Puta kwa kuwa lori lilikuwa limeendelea na safari yake. Asubuhi yote Papa Ilunga alikuwa akizunguka boti na kopo la rangi nyeupe, anasimama mbele ya yale maandishi, anaondoka. Mara moja alichovya brashi na kuinyanyua. Akaiacha ikauke. Adhuhuri alikwenda kukaa na shemeji yake juu ya mifuko, wakazungumza kwa sauti ya chini kwa muda mrefu bila utani, jambo ambalo jirani mmoja aliniambia hajaliona tangu msiba wa mwisho. Walipoinuka, mfuko wa kofia ulikuwa umekubaliwa kuwa mfuko mmoja na nusu. Kisha aliniita, akaomba kalamu yangu nyekundu apime nafasi iliyobaki ubavuni.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, mchungaji alipita boti kwa boti, watu nyuma yake. Alisoma MAKOBO, akaombea. Akafika kwa Papa Ilunga.

"Namba Moja Amerika," akasoma. Kisha akasita, akavaa miwani, akainama mpaka karibu na maji, maana neno la mwisho lilikuwa dogo kwa kukosa nafasi. "Labda."

Akatutazama. Akasoma tena yote kwa pamoja, kwa sauti ya ibada, "Namba Moja Amerika Labda," na Papa Ilunga akaitikia amina ya nguvu kuliko watu wote. Mama Béa alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge. Mzigo wa kwanza uliopakiwa kwenye boti ile ulikuwa wake, yote mifuko ya kofia, na siku hiyo hawakugombana kwenye kupakia.

Jumapili alasiri ba Chanda alinichukua akirudi na lori tupu. Nilitaka kumkasirikia kwa ajili ya kuku, nikashindwa. Aliniuliza, sasa nani namba moja? Nikamjibu kwamba sijui. Alicheka kuanzia hapo mpaka darajani, na darajani nikanunua mihogo na kuila yote.

Jumanne nilisoma masahihisho hewani, nikataja kosa, maandishi madogo, santuri mbili na vumbi la depo. Simu zilikuwa nyingi. Wengi waliuliza habari za mfuko wa kofia.

Tangu hapo, kabla ya kusoma idadi yoyote redioni nasema kwanza nani aliihesabu na alihesabu kitu gani, na nisipojua nasema sijui. Daftari langu lina safu moja zaidi, nyingi ya nafasi zake ziko wazi. Na neno likiharibika, siurudii tena ukurasa. Nalikata kwa mstari mmoja, naendelea.