Foleni ya Kibali

Usiku ule nililala na hasira zangu. Nyuma ya nyumba mchanga ulishamwagwa, kamba za msingi zimeshapigwa. Jumamosi ikipambazuka mafundi waanze chumba cha mama. Mama amepooza, analala sebuleni, na kila mgeni akibisha hodi tunamfunika shuka haraka haraka kama kitu cha aibu. Nimechoka! Halmashauri walisema nisubiri kibali, eti uani kwangu ni hifadhi ya mto. Miezi inapita tu. Basi nikaamua kufanya wanavyofanya wote huku bondeni: kujenga mwisho wa wiki, maafisa wakiwa kwao, Jumatatu wakute ukuta umesimama.

Usingizi uliponichukua, nikamwona marehemu kaka yangu Salumu uani. Alikuwa mwashi. Mto ulipofurika wakati wa masika, ukuta wa chumba alichojijengea kando ya maji ulimwangukia kitandani. Sasa ameshika mwiko, anagonga gonga tofali. Nafurahi, nasema moyoni afadhali, huyu hatanipunja saruji.

"Kaka, utanijengea wewe?"

Ananishika mkono, wake wa baridi, na pale uani pamekuwa ukumbi wa halmashauri. Benchi refu limejaa watu. Nawajua: Bi Mwanahawa muuza vitumbua, mzee Athumani na mkewe. Wote tuliwazika masika yale yale. Nguo zao zinachuruzika maji hadi sakafuni, na hakuna anayejipangusa.

"Jamani, na ninyi mnasubiri kibali?"

"Sisi hatukusubiri," anasema Bi Mwanahawa, bila kunitazama.

Katikati yao pana nafasi, imewekewa kanga iliyokunjwa. Nataka kukaa. Salumu ananizuia.

"Hapo si pako, Zuwena. Tumemshikia mama."

Nilipiga ukelele mpaka nikajiamsha. Kumekucha, mafundi wanabisha hodi, makoleo yanagongana, na mama anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Wamekuja?"

Nikatoka, nikawarudisha. Fundi mkuu akasonya, akasema nina wazimu. Nikaingia nikakaa chini kando ya mama, machozi yananitoka.

"Tungoje kibali, mama."

"Na wakikataa?"

"Wakikataa, hii sebule ndiyo chumba chako. Mgeni atakaa nje."

Akageuzia uso ukutani, hakusema nami kutwa nzima. Acha anune, mradi yupo.