Zege la Hoteli kwa Choo cha Mama

Kazi yangu ni kutengeneza zege, na watu wakisikia hivyo hunitazama mikono. Mikono yangu ni laini. Nakaa kwenye kibanda cha juu katika uwanja wetu, nje kidogo ya Malindi, nabonyeza vitufe: kokoto inashuka, mchanga unashuka, saruji inashuka, maji yanafuata, na lori lenye pipa linalozunguka linaondoka na zege tayari. Anayetaka kuniambia hii si kazi ya mwanamke, aje anikute siku ya joto, nitamjibu vizuri.

Pale kazini tuna utaratibu wetu. Mwenye jengo akiagiza zege jingi kuliko anavyohitaji, mabaki hurudi ndani ya pipa, na kwa jua letu hili zege halina subira. Basi mabaki hupewa mfanyakazi, kwa zamu. Sharti ni moja tu: mahali pa kuyamwaga pawe tayari wakati wote, mbao zimepigiliwa, vyuma vimefungwa. Dereva akifika akakukuta unatafuta misumari, anageuza gari na zamu yako imekwenda.

Mimi zamu yangu niliitaka kwa ajili ya choo cha mama.

Mama anakaa Kakuyuni. Choo chake kilititia wakati wa mvua, bahati njema hakikuwa na mtu, na tangu siku hiyo akawa anakwenda choo cha jirani. Angekuwa jirani mwingine, sawa. Lakini huyu ni yule waliyenuniana naye miaka kwa sababu ya kuku wake aliyekuwa akija kutagia kwa mama, kila mmoja akidai mayai ni yake. Tena choo chake kina kufuli. Tena amemzidi mama umri kidogo. Basi mama yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, ikawa lazima apige hodi, aseme shikamoo, na angoje.

"Marahabaaa," jirani anaitikia kwa raha zake, ufunguo kaufunga kwenye pindo la leso. "Umelalaje? Watoto hawajambo? Na yule mbuzi wako anayekohoa?"

Mama anatoa habari za mbuzi huku amebana miguu. Aliponisimulia nilicheka mpaka akanitupia kikombe cha plastiki. Halafu nikaona macho yake yamejaa machozi.

"Mwanangu," akasema, "mimi nitakufa nikimwamkia yule mwanamke kwa ajili ya haja ndogo."

Iliniuma, sitaki kusema uongo. Nikachimbisha shimo jipya. Fundi akapiga mbao juu yake, akafunga vyuma, na katikati akafudikiza ndoo kuukuu ya rangi. Ndoo ile ndiyo ingeacha tundu: zege likishika, unaing'oa, choo unacho. Kisha tukangoja zamu. Mama alipafagia mahali pale kila asubuhi kana kwamba ni sebule, na yule kuku wa ugomvi akahamia humo kutaga.

Siku yenyewe, hoteli moja ya Watamu ilikuwa inamwaga zege la nguzo. Zege lao nilikuwa nimelichanganya mwenyewe asubuhi, zege la nguvu, la kubeba ghorofa. Mara dereva akanipigia simu. Ni mtu wa Malindi mjini, mpole, hajawahi kuharakishwa na kitu.

"Bibiye, mabaki yapo, tena mengi. Zamu ni ya nani?"

"Yangu! Usithubutu kumpa mtu!"

Nikamwachia mwenzangu kibanda, nikarukia lori lilipopita barabarani, nikampigia mama. "Mama, zege linakuja!"

"Wanakuja wangapi? Niongeze unga?"

Jamani, mama yangu! Tulipofika tukakuta amekwisha bandika sufuria. Lakini kilichonivunja moyo ni mikorosho. Ilijipanga kati ya barabara na ua, na dereva akaitazama, akatikisa kichwa. Gari lake haliingii pale. Zege litachukuliwa kwa mikono.

"Leteni ndoo!" nikapiga kelele. "Ndoo! Makarai! Chochote!"

Lo, watu walitoka! Makarai yakaja, masufuria yakaja, beseni la kufulia likaja. Na jirani naye akaja mbio, leso kaifunga kiunoni, akajipanga nyuma ya mama bila salamu.

"Usinimwagie miguuni, wewe!" mama akamwambia.

"Kwani hiyo miguu ina nini cha kuharibika?"

"Jamaa, fanyeni hima," dereva akasema kwa sauti ileile ya upole. "Zege laniganda pipani."

Tukakimbia. Mimi na mikono yangu laini nilisawazisha kwa ubao mpaka uso ukalala kama meza. Watu wakapiga makofi. Dereva akasuuza pipa lake, akaaga. Sisi tukaenda kula ugali, tukala kwa furaha, jua likiwaka, na mle uani zege likishika barabara.

Jioni mama akaanza kuosha vyombo vya watu. Nikamwona anasugua ndoo kuukuu yenye alama za rangi. Nikasimama wima.

"Mama, hiyo ndoo umeitoa wapi?"

"Si ilikuwa imekaa tu pale katikati, haina kazi? Nanyi mnalia, ndoo, ndoo!"

Toba! Mama alikuwa amebebea zege tundu la choo chake mwenyewe.

Nilichukua tindo na nyundo, nikapiga kwa hasira zangu zote. Fundi akaitwa, naye akapiga. Tindo likapinda. Fundi akasema bila mashine ya kukatia hapatoboki hapa, na akaniuliza nani amechanganya zege gumu namna hii. Nikajifanya nanyoosha tindo.

Jirani alicheka mpaka akakaa chini, juu ya ile sakafu. Mama hakucheka. Alisimama na ndoo yake mkononi, machozi yakimtoka kwa uchungu, akasema, "Kwa hiyo kesho tena nije kwako kupiga hodi."

Jirani akaacha kucheka. Akafungua pindo la leso, akatoa ufunguo, akamtia mama mkononi.

"Huo ukae nao. Mimi ninao mwingine."

"Na shikamoo?" mama akauliza, hajaamini.

"Utaniamkia ukitoka. Ya nini kuamkiana mtu umebana?"

Wiki iliyofuata niliazima mashine ya kukatia zege, nikaipandisha kwenye tuktuk hadi Kakuyuni, mgongo unaniuma. Niliwakuta wawili wale wameketi juu ya sakafu ya choo wanamenya mihogo, kuku wa ugomvi amelala katikati yao, na ufunguo umening'inia kwenye leso ya mama.

"Hebu irudishe hiyo mashine," mama akaniambia, hata shikamoo yangu hajaitikia. "Ukipatoboa hapa, sisi tutakaa wapi?"